Uganda: Mgonjwa Anaporuhusiwa, Anakabidhiwa Nani?



Katika hospitali yoyote kubwa ya serikali nchini Uganda, iwe Mulago mjini Kampala, iwe Mbarara au Hoima, kuna umati wa watu ambao majina yao hayamo katika daftari la wagonjwa wala katika orodha ya watumishi. Hawa hulala chini kando ya vitanda au kwenye veranda, huanika nguo juu ya nyasi, na alfajiri huonekana wamebeba ndoo na masufuria. Ndio wanaomwogesha mgonjwa na kumlisha, ndio wanaobadilisha shuka walizokuja nazo kutoka nyumbani, na ndio wanaotumwa kwenye duka la dawa pindi dawa inapokosekana hospitalini. Kwa Kiganda mtu wa namna hiyo huitwa omujjanjabi. Kwa Kiswahili chetu ni muuguzaji, na msikilizaji asimchanganye na muuguzi. Muuguzi amesomea kazi na analipwa mshahara. Muuguzaji ana mgonjwa wake.

Jambo tunalotaka kulizungumza leo linahusu siku ile mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Maana siku hiyo kazi yote ya wodi, ile ya muuguzi na ile ya muuguzaji, humwangukia muuguzaji peke yake. Na mara nyingi yeye ndiye mtu wa mwisho kuelezwa chochote.

Chanzo chake si roho mbaya ya mtu bali ni utaratibu. Asubuhi, madaktari wanapopita wodini, jamaa za wagonjwa hutakiwa watoke nje. Agizo hilo lina maana yake, kwa kuwa wodi zimejaa na daktari hawezi kufanya kazi katikati ya msongamano. Lakini saa hiyo ndiyo ambayo ugonjwa hutajwa jina, dawa hubadilishwa, na uamuzi wa kumruhusu mgonjwa hutolewa. Maelezo hupewa mgonjwa mwenyewe, ambaye pengine ana homa au maumivu makali, au ni mzee asiyesikia vizuri. Muuguzaji anaporudi ndani hukuta karatasi. Hapa kwetu pia desturi ya kuwatoa jamaa nje asubuhi inafahamika sana, kwa hiyo hatuyasemi haya kama watu wanaomcheka jirani.

Karatasi hiyo, kwa kawaida, imeandikwa kwa Kiingereza, na anayeishika aweza kuwa mama wa Kinyankole au wa Kinyoro ambaye lugha hiyo haijui. Hata anayejua kusoma tarakimu hajasalimika. Waganda, kama sisi, huhesabu saa kuanzia macheo, na neno lao la saa ni hilo hilo letu. Daktari akiandika dawa itolewe saa 10 asubuhi kwa hesabu ya Kizungu, anakusudia saa nne. Mtu wa nyumbani akiisoma tarakimu hiyo kwa hesabu yake, mgonjwa atapewa dawa saa kumi jioni. Kwa vidonge vya mafua kosa hilo si kitu. Kwa mtu mwenye saratani, ambaye dawa yake ya kutuliza maumivu huisha nguvu baada ya saa nne, ni mchana mzima wa mateso.

Tumeitaja saratani kwa makusudi, maana ni katika ugonjwa huo, na kabla yake katika UKIMWI, ambapo Uganda imejifunza kumtazama muuguzaji kwa jicho jingine. Katika miaka ya 1980 UKIMWI ulipojaza wodi, ilidhihirika upesi kwamba hakuna vitanda vya kuwatosha wagonjwa wote, na kwamba kitanda chenyewe hakikuwa na tiba ya kuwapa. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya Mulago, alifiwa na mume wake kwa ugonjwa huo. Mwaka huo huo, yeye pamoja na wenzake, ambao baadhi yao walikuwa wagonjwa wenyewe, walianzisha chama cha TASO. Hao walikuwa watu waliouguza. Walijua jinsi mtu anavyorudishwa nyumbani bila neno, na jinsi majirani wanavyoanza kuikwepa nyumba. Chama hicho kilifanya kazi ya kuitembelea familia na kuifundisha kuwa sehemu ya matibabu.

Miaka sita baadaye, mwaka 1993, daktari Anne Merriman, aliyekuwa amefanya kazi Nigeria, Singapore na Nairobi, aliingia Kampala akiwa na fedha za kuendesha kazi kwa miezi michache tu. Alipewa nafasi katika hospitali ya Nsambya, akaanzisha huduma iitwayo Hospice Africa Uganda, ambayo makao yake yako Makindye na ambayo baadaye ilifungua matawi Mbarara na Hoima. Nia yake ilikuwa moja: mgonjwa asiyeweza kupona asife akilia kwa maumivu. Chombo chake kilikuwa mofini ya kunywa, yaani unga wa mofini uliochanganywa na maji pamoja na kihifadhi na rangi. Dawa hiyo ni rahisi kutengeneza, bei yake ni ndogo mno, na haihitaji sindano. Kwa kuwa haihitaji sindano, haihitaji muuguzi kitandani. Na kwa kuwa haihitaji muuguzi kitandani, yaweza kutolewa na binti, mke, kaka au mjukuu. Hapo ndipo muuguzaji alipoacha kuwa mpishi wa veranda akawa mtoa dawa.

Mwaka 2004 sheria nayo ikafuata. Serikali ya Uganda iliruhusu wauguzi na matabibu wasio madaktari, baada ya mafunzo maalumu ya miezi tisa, kuandika mofini kwa ajili ya wagonjwa wao. Kwa nchi ambayo madaktari wake wengi wako mijini, hatua hiyo ilikuwa kubwa, na katika Afrika Uganda ndiyo iliyotangulia. Zaidi ya hayo, kazi ya kutengeneza dawa hiyo kwa ajili ya hospitali za nchi nzima imekabidhiwa hospisi yenyewe, nayo serikali huitoa bila malipo.

Basi tuangalie kumfundisha muuguzaji maana yake nini hasa, maana neno “kushirikisha familia” ni rahisi kulitamka katika mikutano.

Chupa za mofini nchini Uganda hutofautishwa kwa rangi. Ya kijani ina miligramu 5 katika kila mililita 5. Ile ya rangi ya waridi ina nguvu mara kumi ya hiyo. Na ya buluu mara ishirini. Rangi hizo ziliwekwa kwa ajili ya watu wasiosoma, lakini hazisaidii kitu kama hakuna aliyeeleza. Mgonjwa aliyezoea ya kijani, siku akibadilishiwa chupa na muuguzaji akaendelea kupima kiasi kile kile, atakuwa amepewa dawa mara kumi ya jana. Ndiyo sababu muuguzi anayeijua kazi yake hamwulizi muuguzaji kama ameelewa. Jibu la swali hilo, mbele ya mtu aliyevaa sare, siku zote ni ndiyo. Humpa chupa na bomba la kupimia, akamwambia apime. Kisha humwuliza, “Ukiamka kesho utafanya nini?” akanyamaza akasikiliza.

Halafu kuna suala la saa. Dawa hii hutolewa kila baada ya saa nne: saa kumi na mbili alfajiri, saa nne asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku kipimo maradufu, ili mgonjwa apate kulala hadi alfajiri, na anayemwuguza naye alale. Hutolewa hata kama wakati huo mgonjwa hasikii maumivu. Hili ni gumu kulikubali kwa mtu aliyelelewa katika uhaba, ambaye akili yake humwambia aitunze dawa kwa siku mbaya zaidi. Kumbe kwa kuitunza anaiita siku hiyo mbaya, kwani maumivu yakisharudi huhitaji dawa nyingi zaidi kuyatuliza. Muuguzaji hana budi pia kujua kwamba usingizi mwingi wa siku za mwanzo kwa kawaida hupungua. Kwamba mofini hufunga choo, na hivyo dawa ya kulainisha choo haina budi kuandamana nayo. Na kwamba mgonjwa akiwa haamshiki, au pumzi zake zikiwa za mbali mbali, kipimo kinachofuata kisitolewe kabla ya kumwita mhudumu wa afya.

Jambo kubwa kuliko yote ni hofu. Katika vijiji vingi mofini inajulikana kama dawa ya kufia, kwa kuwa watu wameiona ikija mwishoni. Shangazi mmoja akiingia chumbani na kusema, “Hiyo ndiyo inayomwua,” chupa itamwagwa nyuma ya nyumba, na hakuna daktari wa Kampala atakayejua. Kwa hiyo kumfundisha muuguzaji mmoja peke yake hakutoshi. Watumishi wa hospisi wanapotembelea nyumba huketi na wakubwa wa familia, na huko ndiko uamuzi hasa hufanyika.

Kuna watu wenye akili wanaouliza kama maneno haya yote si njia nzuri ya serikali kujivua mzigo. Swali hilo ni la haki. Mwezi Machi mwaka 2001 Uganda ilifuta malipo ya wagonjwa katika huduma zake za afya, isipokuwa wodi za kulipia, na maskini wengi walinufaika. Lakini kuuguza hakukuwahi kuwa bure. Kuna nauli, kuna sabuni, kuna chakula cha mgonjwa asiyeweza kula wanacholima wenzake, na kuna shamba linaloota magugu wakati mwenye jembe ameketi kitandani pa mgonjwa. Mara nyingi sana mwenye jembe huyo ni mwanamke. Akizidiwa, anayeitwa kusaidia ni msichana aliyeko shule, naye huachishwa kwa muda, na muda huo wakati mwingine hauishi. Mwandishi wa mipango anayeandika kwamba huduma ya nyumbani ni nafuu, yafaa aulizwe ni nafuu kwa nani.

Kwa maoni yetu tofauti iko katika jambo moja: je, hospitali imemkabidhi mgonjwa au imemtupa? Zambia, ambayo pia ni jirani yetu, ina mfano mzuri. Hospitali ya Chikankata, ya Jeshi la Wokovu, katika Mkoa wa Kusini, ilianza mwaka 1987 kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI majumbani. Lakini hospitali iliwafuata huko: kikosi cha wauguzi na washauri kilipanda gari kikaenda kijijini, kikamwona mgonjwa, kikamwona na anayemwuguza. Kukabidhi ni hivyo. Anayekabidhi hurudi kutazama.

Na kazi ya muuguzaji haiishii kwenye chupa. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani hana budi kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi itakufa mgongoni na kwenye nyonga. Kidonda cha saratani ya matiti, au kutokwa na maji kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowasumbua zaidi wanawake wa Uganda, huwa na harufu inayowafukuza hata watoto wa mgonjwa chumbani. Harufu hiyo yaweza kupunguzwa kwa kusafisha kidonda kwa maji yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, na kwa kunyunyizia unga wa vidonge vya metronidazo vilivyopondwa, kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Vidonge hivyo vinapatikana karibu kila zahanati. Mwanamke huyo asipoambiwa hivyo kabla ya kutoka langoni, miezi yake ya mwisho ataishi peke yake katika kibanda cha nyuma. Maelezo yenyewe huchukua dakika tano.

Wauguzi watasema dakika hizo tano hawana, na mtu aliyeona wodi zao hatawabishia. Hata hivyo, muuguzaji yuko wodini siku zote hizo, usiku na mchana, akifanya kazi bila kufundishwa. Angeweza kufundishwa kidogo kidogo tangu siku ya kwanza, kumgeuza leo, kumsafisha kesho, badala ya kusubiri asubuhi ile ya mwisho ambapo kitanda kinahitajika na gari la abiria linapiga honi nje. Na daktari anapopita, mtu mmoja kwa kila mgonjwa angeweza kubaki.

Liko pia swali la chupa inayofuata. Mgonjwa anayetumia mililita 5 za dawa ya kijani kila saa nne, na maradufu usiku, hunywa mililita 30 kwa siku. Chupa ya mililita 500 humfikisha siku ya kumi na sita. Katika wilaya yenye muuguzi aliyeruhusiwa kuandika mofini, mtu huenda na chupa tupu na kurudi na iliyojaa siku hiyo hiyo. Lakini si kila wilaya ya Uganda inaye muuguzi huyo. Pale asipokuwepo, anayejua kupima dawa ndiye huyo huyo anayelazimika kupanda basi kwenda mjini, akalala huko, akarudi kesho yake. Na usiku huo, itimiapo saa nne, nyumbani kwa mgonjwa kuna mtu mwingine ameshika bomba la kupimia.