Kutathmini Utendaji wa Diski ya SSD katika Kompyuta ya Nyumbani

Swali la kutathmini kifaa halifanani na swali la kutaja maana. Mtunga mtihani anakupa hali fulani, kisha anataka uamue na utetee uamuzi wako. Hapa watahiniwa wengi huacha alama mezani kwa kuandika "SSD ni bora kwa sababu ina kasi" na kuhamia swali linalofuata. Ina kasi kuliko nini? Katika kazi ipi? Imepimwaje? Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yanayobeba alama.

Chukua hali hii. Stesheneri moja katika mji wa Katoro, mkoani Geita, ina kompyuta ya mezani yenye diski ngumu ya zamani. Kazi zake ni kuchapa barua, kutoa nakala za vyeti na kuwajazia watu maombi ya mtandaoni. Mwenye duka huiwasha asubuhi, akafagia, akapanga karatasi, na bado haijawa tayari kufanya kazi. Jirani yake kuna karasha la kusaga mawe ya dhahabu, na likiwaka meza hutetemeka. Umeme nao hukatika bila taarifa. Fedha aliyonayo inatosha SSD, haitoshi kompyuta mpya. Anakuuliza wewe: je, itamfaa, au ataitupa fedha yake?

Anza na namna vifaa vyenyewe vinavyofanya kazi. Diski ngumu ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachoelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache. Ili kusoma data, kichwa lazima kisogee hadi kwenye njia husika, kisha kisubiri sehemu inayotakiwa ipite chini yake. SSD haina sahani wala kichwa. Data hukaa ndani ya chipu za kumbukumbu ya flashi, ndugu wa zile zilizomo kwenye simu yako, na kidhibiti huzifikia kwa njia ya umeme tu.

Sasa tupige hesabu, maana hesabu hii hueleza mambo kuliko aya tatu za maneno.

Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3. Kwa wastani kichwa husubiri nusu mzunguko, yaani milisekunde 4.2. Tuseme kusogea kwa kichwa huchukua milisekunde 9. Jumla ni milisekunde 13.2 kwa kila safari moja ya kwenda kuchukua data. Kwa hiyo ndani ya sekunde moja diski hufanya safari 1,000 ÷ 13.2, karibu 76. Kama kila safari inaleta kipande cha kilobaiti 4, diski imeleta kilobaiti 304 tu kwa sekunde.

SSD ya kawaida hutumia karibu milisekunde 0.1 kwa safari hiyohiyo. Hizo ni safari 10,000 kwa sekunde, sawa na kilobaiti 40,000, au karibu megabaiti 40.

Linganisha na kusoma faili moja kubwa lililokaa kwa mfululizo, mfano filamu. Hapo kichwa hakirukiruki. Diski ngumu inaweza kufikisha megabaiti 150 kwa sekunde, na SSD ya SATA karibu 550. Tofauti haifiki mara nne. Lakini katika vipande vidogo vilivyotawanyika tofauti inapita mara mia moja. Kompyuta inapowaka, husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika. Ndiyo maana SSD hubadilisha sana muda wa kuwaka, lakini haibadilishi kwa kiasi hichohicho muda wa kunakili filamu. Ukiandika hoja hii kwa ufasaha umejibu nusu ya swali.

Namba za kwenye boksi

Soko la madini la Geita lilifunguliwa mwaka 2019, na mtu yeyote anayepeleka dhahabu pale anajua kwamba uzito peke yake hautoi bei. Usafi nao hupimwa. Kwenye SSD gigabaiti ni uzito tu.

Hata uzito wenyewe unahitaji kuangaliwa. Mtengenezaji anaposema gigabaiti 240 anamaanisha baiti bilioni 240. Windows hugawanya kwa 1,073,741,824, hivyo mteja anaona karibu 223 na kudhani ameibiwa. Hajaibiwa. Aliyeibiwa ni yule aliyenunua "terabaiti 2" kwa bei ya kutupa, ambayo ndani yake kuna chipu ndogo iliyodanganywa ijitangaze kuwa kubwa. Kifaa cha namna hiyo hupokea mafaili bila kulalamika, kisha huandika mapya juu ya ya zamani au huyapoteza kabisa. Dawa yake ni kukijaza chote kwa data ya majaribio, kisha kuisoma tena na kulinganisha. Programu ya H2testw hufanya kazi hiyo. Ifanye kabla ya kuweka kitu cha thamani.

Kasi inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi karibu siku zote ni ya kusoma kwa mfululizo, kwa kuwa ndiyo inayopendeza macho. Usiikatae, ila jua mipaka yake. SATA ya kizazi cha tatu hupitisha gigabiti 6 kwa sekunde, na kila baiti moja hutumia biti 10 njiani, kwa hiyo kikomo ni megabaiti 600 kwa sekunde. SATA ya kizazi cha pili ni nusu ya hapo, megabaiti 300. SSD za NVMe hupita kwenye njia nyingine, PCIe, na nyingi hufika megabaiti 3,500 au zaidi. Hata hivyo, kompyuta ya zamani kama ya yule mwenye stesheneri mara nyingi haina nafasi ya kuchomeka NVMe kwenye ubao mama. Kumshauri anunue yenye kasi kubwa kuliko zote ni kumuuzia gurudumu la lori aliweke kwenye baiskeli.

Kuna namba moja ndogo ambayo wengi huiruka: TBW, yaani jumla ya terabaiti zinazoweza kuandikwa kabla dhamana ya mtengenezaji haijaisha. Chipu za flashi huchakaa kwa kuandikwa. Tuseme boksi linasema 80, na stesheneri huandika gigabaiti 20 kwa siku. 80,000 ÷ 20 = siku 4,000, karibu miaka 11. Hofu ya "SSD huisha haraka" inaondoka yenyewe kwa mtu wa matumizi ya nyumbani.

Kupima kwa mkono wako

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba diski ndiyo mgonjwa. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue sehemu inayoonyesha matumizi ya vifaa. Diski ikisimama kwenye asilimia 100 huku prosesa ikiwa inapumzika kwenye 10 au 15, diski inachelewesha wengine. Prosesa ikiwa ndiyo iliyojaa, SSD haitaleta muujiza. Kumbukumbu ya RAM ikiwa imejaa, kompyuta huigeuza diski kuwa RAM ya dharura. Hapo SSD inapunguza maumivu, lakini kuongeza RAM ndiyo tiba.

Kisha chukua saa. Pima sekunde kuanzia kubonyeza swichi hadi programu ya kuandikia ifunguke. Rudia mara tatu, chukua wastani. Ukishaweka SSD, rudia vilevile. Kipimo hiki cha saa ya mkononi kinadharauliwa, lakini ndicho kinachomhusu mteja aliyesimama kwenye foleni.

Programu kama CrystalDiskMark hutoa namba za kina. Mistari inayoanza na SEQ ni ya mfululizo. Ile inayoanza na RND4K ni ya vipande vya kilobaiti 4 vilivyotawanyika. Kwa kompyuta ya nyumbani tazama kwanza RND4K yenye alama Q1T1, kwani inafanana zaidi na kazi ya mtu mmoja. Jihadhari na mtego: SSD nyingi za bei nafuu zina sehemu ndogo yenye kasi ya kupokea data. Ukipima kwa faili la gigabaiti 1 utaona namba nzuri. Ukipima kwa gigabaiti 32 sehemu hiyo inaweza kujaa, kasi ikaporomoka, wakati mwingine chini ya ile ya diski ngumu. Mtego wa pili ni kebo. SSD ikiwekwa kwenye kasha la USB 2.0, ambayo kikomo chake ni megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60, unaipima kebo na si SSD.

Je, SSD ikiwa na kasi mara kumi, kompyuta nzima itakuwa na kasi mara kumi? Hapana. Tuseme kuwaka huchukua sekunde 90, kati ya hizo 60 zikiwa za kusubiri diski. Zile 60 zitakuwa 6, lakini 30 nyingine zinabaki. Jumla ni 36, sawa na mara 2.5. Bado ni nafuu kubwa kwa mwenye duka.

Kuhusu mazingira, toa hoja kwa uangalifu. Mtetemo wa karasha ni hatari ya kweli kwa kichwa kinachoelea, na SSD haina tatizo hilo. Vumbi si hoja ya aina hiyo: sahani za diski ngumu zimefunikwa, na hewa huingia kupitia kichujio. Vumbi la Shinyanga na Geita huumiza kwa kuziba feni. Joto hupanda, na SSD ya NVMe ikipata joto sana hujipunguzia kasi yenyewe. Umeme ukikatika ghafla, SSD huweza kupoteza data iliyokuwa bado inaandikwa, hivyo betri ya akiba ya UPS bado inahitajika. Tena SSD hufa mara nyingi bila dalili, na kuokoa mafaili yake ni kugumu. Nakala ya pili ya vyeti vya wateja ibaki kwenye ile diski ngumu ya zamani, ikiwa imewekwa mbali na meza inayotetemeka.

Jibu kwa mwenye stesheneri, basi: anunue SSD ya SATA, baada ya kuthibitisha kwamba diski ndiyo inayochelewesha, na aipime ujazo na kasi kabla dhamana ya dukani haijaisha.

Maswali ya kujipima

1. Diski ngumu huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Kokotoa wastani wa muda wa kusubiri mzunguko. (Jibu: milisekunde 5.6)

2. SSD imeandikwa gigabaiti 480. Windows itaonyesha karibu kiasi gani? (Jibu: 447)

3. Mwanafunzi wa Kahama ameweka SSD kwenye kompyuta yenye SATA ya kizazi cha pili. Kipimo kinaonyesha megabaiti 270 kwa sekunde badala ya 550 za kwenye boksi. Anadai ameuziwa bandia. Mjibu kwa hesabu, kisha mweleze kwa nini kompyuta yake bado itawaka haraka karibu sawa na ya rafiki yake mwenye SATA ya kizazi cha tatu.