Mfupa wa Nyonga Kuunga Muundi

Baada ya darsa ya wanawake alibaki mama mmoja, amempakata mtoto wa miaka minne. Mtoto alizaliwa na muundi wa kushoto uliopinda kuelekea mbele na nje. Alipoanza kukimbia aliteleza sakafuni, ukavunjika. Alifungwa magango, kisha plasta, na mfupa haukushika. Sasa daktari ataka kuchukua mfupa wa nyonga ya mtoto aupandikize mguuni. "Sheikh," akauliza, "yafaa kumkata pahala pazima ili kutibu pabovu? Huko si kugeuza umbo la Mola?"

Swali hili lina jibu. Mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah, lilipitisha kuwa yajuzu kuhamisha sehemu ya mwili wa mtu kuipeleka pengine katika mwili wake mwenyewe, madhali manufaa yanayotarajiwa yanazidi madhara. Kuondoa kasoro yenye kumuudhi mtu ni miongoni mwa sababu zilizotajwa. Kumwezesha mtoto kukanyaga ardhi ni tiba, na tiba tumeamrishwa kuitafuta.

Maradhi haya ni nadra. Utandu unaozunguka mfupa huwa mnene na wenye ugonjwa, na mfupa ukivunjika ncha zake hazishikani. Mguu hukunjika katikati kana kwamba una goti la pili. Wengi wa watoto hawa huwa pia na madoa ya rangi ya kahawa ngozini, dalili ya maradhi ya mishipa ya fahamu ambayo karibu nusu ya wenye nayo hawakuyarithi kwa yeyote. Basi wakwe wanaomlaumu mama kwa alichokula au alipokanyaga akiwa mjamzito wanamdhulumu, na dhuluma ina hesabu yake.

Katika upasuaji, daktari hukiondoa kipande kibovu pamoja na utandu wake, hupitisha chuma ndani ya mfupa, kisha huzungushia vipande vya mfupa hai kutoka ukingo wa nyonga. Madaktari wengine huongeza pete za chuma nje ya mguu, mbinu ya Ilizarov, tabibu wa Kurgan huko Siberia.

Ila mama huyu nilimwambia na lililo zito. Mfupa ukishika, waweza kuvunjika tena kabla mtoto hajamaliza kukua. Ndiyo maana chuma huachwa ndani na gango huvaliwa kwa miaka. Wako wanaopasuliwa mara kadhaa, na wako ambao mwisho mguu wa bandia huwafaa zaidi. Na mwenye mtoto ambaye muundi umepinda lakini haujavunjika, asikubali ukandwe wala kunyooshwa kwa nguvu. Apelekwe kwa daktari wa mifupa, avalishwe gango mapema.

(Aliyefikia umri wa kuamrishwa sala naye ana plasta, kwa madhehebu yetu ya Shafi huosha palipo wazi, hupangusa juu ya plasta kwa maji, na hutayamamu.)

Kilichokuwa kikimchelewesha mama, nilikuja kutambua, ni mumewe kutoafiki. Nilimwendea baada ya Isha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: je, atakimbia? Nikamwambia hilo amuulize daktari, nami nitafuatana naye akitaka. Jumatatu tulikwenda sote wanne.