Je, Wajua Kinachotendeka Ndani ya Gemu Iliyobanwa?

Je, wajua kwamba gemu ile ile, ikibanwa mpaka ikawa nusu ya ukubwa wake, yaweza kusitasita katika mashine moja, ikaenda kama kawaida katika ya pili, na pengine ikafunguka upesi zaidi katika ya tatu? Miongoni mwa vijana wa Sumbawanga, kama miongoni mwa wenzao wa miji mingine ya Tanzania, ambao huzipata gemu zao katika vibanda vya kujazia nyimbo na filamu kwenye memori kadi, au kwa kupakua kwa bando, husikika dhana kwamba kubana ndiko kunakoharibu mwendo wa gemu. Na dhana hiyo, ijapokuwa haikuzuka bure, aghalabu humtuhumu asiye na hatia.

Asili ya shauri hili ni mashine ya mkononi ya Sony iitwayo PSP, iliyotolewa Japani tarehe 12 Desemba 2004, ambayo gemu zake zilikaa katika visahani vidogo viitwavyo UMD, vyenye nafasi isiyozidi gigabaiti 1.8. Kisahani kilihitaji mota ya kukizungusha, na mota ilikula betri. Tena usomaji wake haukuweza kupita megabaiti moja na nusu kwa sekunde. Basi mafundi wasioajiriwa na Sony wakabuni njia ya kunakili kisahani kizima kiwe faili moja, la ISO, na kulitia katika memori kadi. Lakini kadi za zama zile zilikuwa ndogo na ghali mno, hata ile iliyouzwa sanduku moja na mashine ilikuwa ya megabaiti 32 tu, na kwa dhiki hiyo ya nafasi likazaliwa faili la CSO, yaani ISO iliyobanwa, ambalo gemu yake huchezwa hali ingali imebanwa.

Elimu ya kubana ni kongwe kuliko gemu zenyewe. Mwaka 1952 David Huffman, aliyekuwa mwanafunzi katika chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza njia ya kuzipa herufi zinazorudiwa mno alama fupi, na zile za nadra alama ndefu, hata maandishi ya Kiswahili, ambayo herufi a imeyatapakaa kutoka mwanzo hadi mwisho, hupungua kwa hila hiyo pekee. Mwaka 1977 wanazuoni wawili wa Haifa, Jacob Ziv na Abraham Lempel, wakaongeza hila ya pili: ukiisha kuandika kwamba mvua ilinyesha Laela, kisha ukataka kuandika kwamba mvua ilinyesha Matai, huna haja ya kuyarudia yaliyokwisha kuandikwa, yatosha kuashiria kwamba msomaji arudi nyuma herufi kadhaa, anakili herufi kadhaa, kisha aendelee na lililo jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Phil Katz akaziunganisha hila hizo katika kanuni iitwayo Deflate, nayo ndiyo itumikayo katika mafaili ya ZIP, katika picha za PNG, na katika CSO yetu. Fadhila yake kubwa ni uaminifu, kwa kuwa kilichobanwa hurejea kama kilivyokuwa pasi na kupungua hata tarakimu moja, ilhali picha ya JPEG au wimbo wa MP3 umekwisha kutupa sehemu yake, na sehemu hiyo hairudi abadani.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo mawili yasiyofanana. Dagaa wa Kasanga hukaushwa ufukoni mwa Ziwa Tanganyika kabla ya kupandishwa kiasi cha mita elfu moja hadi uwanda wa Ufipa, kwani hapana mwenye akili alipiaye maji nauli. Wakifika Sumbawanga, mpishi mmoja aweza kuloweka gunia zima kwa mara moja, na mwingine akachota konzi moja kila mara anapowasha moto. Faili la ZIP au 7z ni gunia la mpishi wa kwanza: hufunguliwa lote kabla ya kucheza, na likiisha kufunguliwa halina athari yoyote juu ya mwendo wa gemu, iwe lilibanwa kidogo au lilibanwa sana. Faili la CSO ni gunia la mpishi wa pili, na ni huyu tu anayeweza kumcheleweshea mlaji chakula chake.

Nayo konzi yenyewe ina kipimo. Gemu haisomi faili lake kwa mfuatano. Mara huita sura ya uwanja wa mpira, mara sauti ya mtangazaji, mara ramani iliyo mbali kabisa na ile ya kwanza. Kama faili lingebanwa lote kwa pamoja, kuifikia ramani ya mwisho kungelazimu kufungua yote yaliyoitangulia, jambo ambalo mashine ndogo haiwezi kulistahimili. Kwa sababu hiyo CSO hukatwa vipande, kwa desturi vya baiti 2,048 kila kimoja, kila kipande kikabanwa peke yake, na mwanzoni mwa faili ikawekwa faharasa ya kuonyesha kila kipande kilipo. Uhuru huo una gharama yake: kipande kidogo namna hiyo hakina maneno mengi ya kurudiwa, kwa hiyo hakibaniki sana, na kila kisomwapo prosesa hulazimika kuacha kazi nyingine ili ikifungue.

Katika PSP yenyewe gharama hiyo ilionekana waziwazi. Prosesa yake ilikuwa na uwezo wa megahezi 333, lakini mpaka mwaka 2007 Sony iliwafungia watunga gemu mwendo wa 222. Na gemu ichorayo picha 60 kwa sekunde huipa kila picha muda usiotimia sehemu 17 za elfu za sekunde. Mchezaji akiwa amesimama katika ukurasa wa kuchagua timu, hatatambua lolote. Ila filamu inapopita katikati ya gemu, au muziki unaposomwa mfululizo huku mapigano yakiendelea, kufungua na kuchora hugombania prosesa moja, na mkwamo hutokea. Wako wanaodhani kwamba kubana kwa daraja la tisa, lile la juu kabisa, huleta mkwamo zaidi kuliko daraja la kwanza; sivyo, kwani daraja huongeza taabu ya yule abanaye, na kazi ya kufungua hubaki karibu ile ile. Kwa upande wa pili, kadi ikiwa ni ya kusomwa polepole, faili dogo huweza kufika upesi kuliko kubwa, hata faida ya njiani ikafidia hasara ya kufungua.

Lakini wengi wa wachezaji wetu leo hawana PSP. Wana simu, na ndani yake programu ya PPSSPP, aliyoitoa Msweden Henrik Rydgård mwaka 2012, ambayo huigiza mashine ile kwa kutafsiri kila amri ya prosesa yake na kila mchoro wake. Simu hata ya bei nafuu hufungua makumi ya megabaiti za Deflate kwa sekunde, na gemu iliyotungwa kwa ajili ya kisahani cha UMD haihitaji hata mbili. Gemu ikikwama katika simu, basi, mshukiwa wa kwanza ni kazi ya kuigiza, na hasa michoro iliyokuzwa kupita kipimo chake cha asili. Na wa pili ni joto, kwani simu ikichemka hujipunguzia mwendo kwa makusudi. Katika hili mchezaji wa Sumbawanga, aliye katika mita zipatazo 1,800 juu ya bahari, na hasa katika baridi ya Juni na Julai, ana nafuu ambayo mwenzake wa Dar es Salaam hanayo. Tena PPSSPP, tangu toleo lake la 1.17 la mwaka 2024, husoma pia mafaili ya CHD, ambayo hubana vizuri kuliko CSO.

Limebaki suala la kiasi. Gemu ambayo kisahani chake kilijazwa data tupu ili kutimiza nafasi hunywea mno. Ile iliyojaa filamu na muziki haipungui kitu, maana filamu na muziki vilikwisha kubanwa na mtungaji, na kilichokwisha kubanwa hakibaniki tena. Basi, msomaji, mwenye simu azibane ISO zake bila hofu, na mwenye PSP kuukuu aziache zile zenye filamu nyingi kama zilivyo, akikumbuka kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda pia mtunga gemu. Na ukiambiwa kwamba gemu ya gigabaiti moja na nusu imebanwa ikawa megabaiti 50, na kisahani chake hakikujazwa data tupu, jua kwamba ama imenyofolewa filamu na sauti zake, ama ndani yake hamna gemu. Usilipoteze bando lako.