Shairi Linaposema Yaliyofichwa Nyumbani

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Katika vihamba vyetu, kuanzia Rombo hadi Kibosho na Machame, yako maradhi ambayo familia nyingi huyafunika kwa neno moja: "Hayo ni mambo ya nyumbani." Ni maradhi ya mama kupigwa, kutishwa au kuingiliwa kwa nguvu. Mwezi huu tunaeleza jinsi shairi linavyoweza kumsaidia aliyeumizwa kutoa ushuhuda wake, na pia mahali ambapo shairi peke yake halitoshi.

Ukubwa wa tatizo

Mwaka 2005 ilitolewa taarifa ya utafiti uliofanyika mjini Moshi kwa wanawake zaidi ya 1,400 wenye umri wa miaka 20 hadi 44. Karibu 21 katika kila 100 walikuwa wametishwa, wamepigwa au wamelazimishwa na waume au wenzi wao katika mwaka mmoja tu uliotangulia. Utafiti mwingine, uliotolewa mwaka 2017, ulifuatilia wajawazito zaidi ya 1,100 wa hapa hapa Moshi. Takribani 3 kati ya kila 10 walifanyiwa ukatili wa aina fulani wakiwa na mimba. Wale waliopigwa walikuwa katika hatari ya karibu mara 3 zaidi ya kujifungua kabla ya wakati au kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Basi kofi apigwalo mama humfikia hata mtoto aliye tumboni.

Mfano wa Siti binti Saad

Kutumia shairi kushuhudia ukatili si jambo geni kwetu Waswahili. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya watumwa, akauza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji mashuhuri. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake katika sahani za santuri. Baada ya kufariki kwake mwaka 1950, Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Kati ya nyimbo zake uko ule wa Kijiti. Unaeleza habari ya mgeni mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kwenda Unguja, akachukuliwa na mtu aitwaye Kijiti hadi vichakani, akarudishwa maiti. Muuaji akavuka bahari akatoroka. Waliobaki kubeba lawama mahakamani ni wanawake wawili, wenzake marehemu, walioitwa kutoa ushahidi. Hukumu ile iliwaangukia mashahidi, lakini wimbo ulimtaja mkosaji. Ndiyo maana hadi leo watu wanakumbuka kosa lilikuwa la nani.

Kwa nini shairi lisaidie?

Kwanza, vina na mizani hushika maneno yasipotee. Mama asiyejua kuandika aweza kulitunga shairi kichwani akikata majani ya ng'ombe, akalihifadhi miaka mingi. Pili, shairi humpa msemaji kivuli. Aweza kusema habari za ndege aliyevunjwa bawa, na wenye masikio wakaelewa. Tatu, kibwagizo hurudia lile neno ambalo jamii haitaki kulisikia.

Kwa upande wa afya, mwaka 1986 wataalamu wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walitoa matokeo ya utafiti kwa wanafunzi wa chuo. Walioandika kwa dakika 15 kila siku, kwa siku 4 mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza sana na jinsi walivyolihisi, walikwenda kwa mganga mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Kwa hiyo anayeanza asishangae machozi yakimtoka. Na akiona anazidiwa, aache, amtafute mtu wa kuongea naye.

Mambo ya kuangalia

1. Daftari likionekana na anayepiga, laweza kuleta kipigo kingine. Litunzwe kwa dada, shangazi au rafiki wa kuaminika.

2. Asilazimishwe mtu kusoma shairi lake mbele ya jumuiya au kikundi cha akina mama. Siri ni yake, na ruhusa ni yake.

3. Sisi tunaosikiliza tusiulize, "Ulimfanyia nini hata akakupiga?" Swali hilo linamhukumu shahidi, kama wale wawili wa Unguja. Tuseme: "Tumekusikia. Je, nyumbani uko salama usiku wa leo?"

4. Akina baba nao wasikilize. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye ndoa aliye na haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo.

Shairi lisipotosha

Shairi halifungi jeraha wala halimkamati mkosaji. Aliyebakwa afike hospitali upesi, kabla ya kuoga au kufua nguo alizovaa. Dawa za kuzuia maambukizo ya virusi vya UKIMWI zapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Fomu ya PF3 hutolewa polisi na kujazwa na daktari. Polisi pia lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Hapa Moshi shirika la KWIECO, lililoanzishwa mwaka 1987, limekuwa likiwapa wanawake msaada wa kisheria. Mama aandike pembeni, kwa lugha ya kawaida, tarehe, saa na kilichotendeka, kwa maana mahakama itahitaji habari hizo.

Wasomaji wapendwa, binti akikuletea karatasi yenye beti chache, usiharakishe kumsahihisha vina. Isome hadi mwisho, kisha umwulize kama yaliyomo yanamtokea yeye. Akisema ndiyo, usimwache arudi peke yake.