Amri ya Nane Kwenye Simu ya Kiganjani

Kijana wa Kilutheri anayejiandaa kwa Kipaimara hufundishwa Katekisimo Ndogo, kitabu ambacho Martin Luther alikiandika mwaka 1529 kwa ajili ya watu wa kawaida na watoto wao. Akifika kwenye amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo, anakuta kwamba haiishii kwenye uongo. Anaambiwa asimsaliti jirani wala asimchafulie jina, kisha anapewa kazi ngumu zaidi: amtetee, amseme vizuri, na kila jambo lake alipokee kwa maana njema kadiri inavyowezekana. Kwa Walutheri na Wakatoliki hii ni amri ya nane. Waanglikana na Wapresbiteri huihesabu kuwa ya tisa. Wajibu ni uleule.

Kwangu mimi, sehemu hiyo ya mwisho ndiyo kiini cha wema wa Kikristo mitandaoni, nayo ndiyo tunayoisahau upesi. Tukihubiri juu ya simu, wengi wetu huwaonya vijana juu ya matusi na picha chafu, basi. Lakini mtu anaweza asitukane kamwe na bado akammaliza mwenzake kwa sentensi moja ya adabu kwenye kundi la kwaya: "Wapendwa, tumwombee mtumishi fulani, mliosikia mmesikia." Hakuna tusi hapo. Hata hivyo, kabla ya saa sita mchana jina la mtu limeshachafuka katika mitaa mitatu, na wanaouliza "kwani kuna nini?" wanajibiwa pembeni, mmoja mmoja.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inatenganisha makosa matatu ambayo sisi kwa kawaida tunayaweka yote kwenye kapu la umbea. La kwanza ni kumhukumu mtu haraka, yaani kuamini moyoni kwamba ana hatia bila msingi wa kutosha. La tatu ni kumsingizia, na hilo kila mtu anajua ni dhambi. La pili ndilo linalotugusa zaidi: kuwafunulia watu kosa la mwenzako ambalo hawakulijua, bila sababu ya haki. Kosa hilo ni la kweli, na bado kulitangaza ni dhambi. Hapa utetezi wetu wa kila siku, "lakini si ni kweli?", hauna nguvu. Binti wa kwaya akipata mimba kabla ya ndoa, habari inaweza kuwa ya kweli tupu. Wazazi wake wana haki ya kujua, na pengine mchungaji. Watu 200 waliomo kwenye kundi la usharika hawana haki hiyo, na anayewapelekea amechukua kitu kisicho chake.

Kwa nini basi tunapeleka? Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral wa chuo cha MIT, Marekani. Walifuatilia habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa na watu wapatao milioni 3 kwenye Twitter kati ya 2006 na 2017. Uwezekano wa habari ya uongo kusambazwa ulizidi ule wa habari ya kweli kwa asilimia 70. Walipoziondoa kwenye hesabu akaunti zinazoendeshwa na kompyuta, tofauti ilibaki palepale, kwa kuwa waliokuwa wakisambaza ni watu. Habari ya uongo ina upya unaovutia sikio; inashangaza na kuchukiza, na aliyechukizwa hutafuta wa kuchukizwa pamoja naye. Papa Fransisko alilisema hili wazi mwaka huohuo katika waraka wake juu ya utakatifu, Gaudete et Exsultate: hata Wakristo, na hata vyombo vya habari vya Kikatoliki, vinaweza kunaswa katika ukatili wa maneno mtandaoni.

Hata hivyo, kuna jambo linalotia moyo. Aprili 2020, uvumi wa korona ulipokuwa umepamba moto, WhatsApp iliamua kwamba ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi, ule wenye mishale miwili, uweze kupelekwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati. Kabla mwezi huo haujaisha, kampuni ilitangaza kwamba usambazaji wa jumbe za namna hiyo umepungua kwa asilimia 70. Watu hawakukatazwa kusambaza, walicheleweshwa tu.

Mapokeo ya Kikristo yanao ucheleweshaji wake, tena wa zamani. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliuweka mwanzoni mwa Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichopigwa chapa Roma mwaka 1548. Mkristo, anafundisha, awe tayari zaidi kuipa kauli ya mwenzake maana njema kuliko kuilaani. Akishindwa, amuulize mwenyewe anamaanisha nini. Kama kweli mwenzake amekosea, amsahihishe kwa upendo. Ninapenda hatua hiyo ya kati, ya kuuliza. Maneno matatu, "Ulikuwa unamaanisha nini?", yangezima ugomvi mwingi unaoanza na skrinshoti iliyokatwa juu na chini. Tukumbuke pia kwamba Ignasi na Luther walisimama pande mbili za mgogoro uliolipasua Kanisa la Magharibi, na katika hili wamekutana.

Luther mwenyewe hakulitii alilolifundisha. Mashine ya chapa ilikuwa chombo kipya enzi zake, naye aliitumia kuwashambulia wapinzani vikali. Aliyoyaandika juu ya Wayahudi mwaka 1543 ni ya kutisha, na makanisa ya Kilutheri yenyewe yameyakana.

Sasa niseme jambo ambalo wema huu hauruhusu. Katika Mathayo sura ya 18 Yesu anaweka utaratibu: ndugu akikukosea, mwendee faraghani, asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili, asiposikia tena, liambie kanisa. Mtandaoni tunaanza na ulimwengu mzima, kisha mhusika anazisoma habari zake kwa jirani. Lakini nimewasikia viongozi wakiitumia sura hiyohiyo kumnyamazisha mtoto aliyenajisiwa na mtumishi wa kanisa, ati yamalizwe ndani. Huko ni kuipotosha Injili. Uhalifu unapelekwa polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, siku hiyohiyo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kufundishwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Kristo. Anayepaza sauti dhidi ya mafundisho ya namna hiyo ana sababu ya haki. Anamtetea jirani, na amri inamtaka afanye hivyo.

Kwa aliyekwisha kukosea, Katekisimu ya Kanisa Katoliki inadai malipizi, na wajibu huo haufutwi hata kama Mungu na jirani wamekwisha kumsamehe. Kufuta ujumbe hakutoshi, kwa sababu nakala zilizosambazwa zinabaki kwenye simu za wengine. Masahihisho yaandikwe kwenye kundi lilelile, saa ambayo watu wanasoma, yakitaja kosa bila kuzungukazunguka, na walioupeleka ujumbe mbele waombwe kuyapeleka nayo. Mhusika afuatwe nyumbani, au apigiwe simu akiwa mbali. Kama maneno hayo yalimnyang'anya uongozi wa kwaya au yalifukuza wateja dukani kwake, hilo nalo ni deni, na aliyelisababisha amuulize atalilipaje.