Muhammad Ankoni: Msuluhishi Aliyevaa Taji

Mnamo Julai 1502 tajiri mmoja wa Kilwa Kisiwani alikabidhiwa kwa Vasco da Gama awe rehani ndani ya merikebu za Kireno. Amiri Ibrahimu, aliyekuwa akitawala mji, alikuwa amebanwa hadi akaahidi kodi ya dhahabu, na tajiri huyo ndiye aliyewekwa kuwa dhamana ya ahadi. Waandishi wa Kireno wanasimulia kwamba Ibrahimu aliporudi mjini hakuleta kitu. Alitaraji Mreno apandwe na hasira amuue rehani, naye abaki na dhahabu yake na wakati huohuo aondokewe na mshindani. Rehani hakusubiri yamfike: alilipa kwa mali yake mwenyewe. Kodi iliyotajwa ilikuwa mithkali 1500 kwa mwaka, yaani zaidi ya kilo 6 za dhahabu kwa uzani wa kawaida wa mithkali. Mtu huyo Wareno walimwita Muhammad Ankoni. Miaka mitatu baadaye walimvika taji la Kilwa, na mwaka mmoja baada ya hapo alikuwa amekufa.

Kwa wengi wanaoijua habari yake, Ankoni ni kibaraka na basi. Mimi naona neno hilo linamwangukia mapema mno. Hadi Julai 1505 alikuwa akifanya kazi ambayo kila mji wa pwani wenye bandari tajiri uliihitaji: kuzungumza na mwenye nguvu kabla mizinga haijaanza kuzungumza. Kilichomharibia ni kuacha kazi hiyo na kukikalia kiti chenyewe. Ili kuipima hoja hii inafaa kumtazama mtu aliyefanya kazi ya namna hiyo mahali pengine, na karibu karne tatu kabla yake, huko Ulaya, hakuna waliokuwa stadi zaidi kuliko makardinali waliotumwa na Papa kwenda kuamua magomvi ya wafalme.

Chukua Guala Bicchieri, Kardinali kutoka Vercelli, kaskazini mwa Italia. Mwaka 1216 Papa Innocent wa Tatu alimtuma Uingereza. Nchi hiyo, kama Kilwa baadaye, ilikuwa na ahadi ya kodi: mwaka 1213 Mfalme John, akiwa amezidiwa na maadui, alijiweka chini ya Papa na kuahidi fedha kila mwaka. Oktoba 1216 John alifariki katikati ya vita. Makabaila walikuwa wameasi, London ilikuwa mikononi mwa Louis, mwana wa mfalme wa Ufaransa, na mrithi halali alikuwa mtoto wa miaka 9. Guala hakuwa na jeshi. Alichokuwa nacho ni neno la Roma, na neno lile lilikuwa na makali, kwa kuwa aliyetengwa na Kanisa aliogopa kufa katika hali hiyo. Siku chache baada ya kifo cha John, mtoto alivikwa taji kule Gloucester, Kardinali akiwapo. Mwezi uliofuata ilitolewa upya ile Hati Kuu ya haki za makabaila, ambayo Papa mwenyewe alikuwa ameitangua mwaka uliotangulia, na kwa kuwa mfalme mtoto hakuwa na muhuri wake, ilipigwa muhuri wa Guala na wa William Marshal, kabaila mzee aliyeshika utawala kwa niaba ya mtoto. Kufikia Septemba 1217 Louis alikubali kuondoka. Guala naye alirudi kwao mwaka 1218.

Jambo la kuzingatia hapo ni alichokiacha. Kardinali alikuwa na mamlaka ya kutosha kujifanya bwana wa Uingereza, nchi ambayo kisheria ilikuwa mali ya bwana wake. Lakini utawala wa kila siku ulikuwa kwa Marshal, taji lilikuwa kwa mtoto, naye akabaki kuwa mjumbe. Sisemi alikuwa mtakatifu. Alijipatia mapato ya kanisa la Chesterton, karibu na Cambridge, akayaelekeza kwenye kanisa la Mtakatifu Andrea alilolijenga kwao Vercelli. Alifaidika, tena waziwazi. Naisema habari hii kwa sababu shutuma ya kwanza dhidi ya Ankoni ni kwamba alitafuta faida yake, na kama faida pekee ingetosha kumfanya mjumbe awe msaliti, basi kusingebaki mjumbe hata mmoja katika historia, si wa Roma wala wa Kilwa.

Turudi kwetu. Ankoni hakuwa wa ukoo wa masultani. Kitabu cha kale cha Kiarabu kuhusu Kilwa, kilichoandikwa na mtu wa Kilwa katika karne ya 16, kinamtaja Haji Muhammad bin Ruknuddin al-Dabuli, ambaye wanahistoria wengi humtambua kuwa ndiye Ankoni. Nisba hiyo inaelekea Dabhol, bandari ya magharibi mwa India. Kwa msuluhishi, asili ya namna hiyo ni mtaji. Mtu mwenye mizizi ng'ambo, mwenye mali, asiye na madai juu ya kiti, anaweza kukaa kati ya watu wawili wasioaminiana. Na Kilwa ya wakati ule ilimhitaji mtu kama huyo kwelikweli. Ibrahimu alikuwa amiri aliyeshika madaraka mahali pa masultani, na Wareno wakalitumia hilo kusema kuwa si mtawala halali. Mwaka 1500 nahodha wa Kireno, Cabral, alikuja kutafuta mapatano ya biashara akaondoka mikono mitupu. Nyuma ya mazungumzo yote ilikuwapo dhahabu ya bandari ya Sofala, iliyoitajirisha Kilwa kwa karne kadhaa na kujenga jumba la Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu.

Tarehe 24 Julai 1505 jemadari wa Kireno, Francisco de Almeida, alishusha askari wake ufukweni. Ibrahimu alikimbia, mji ukaporwa, na ujenzi wa ngome ukaanza. Almeida akamweka Ankoni kuwa mfalme na kumvika taji la dhahabu ambalo lilikuwa limeletwa kwa ajili ya mfalme wa Cochin, India. Taji la kuazima, tunaweza kusema, na la mtu ambaye hata hakuulizwa. Barros, mwandishi wa Kireno aliyechapisha habari hizi mwaka 1552, anaeleza kwamba Ankoni, ingawa alikuwa na watoto wake, aliomba mrithi awe mwana wa Sultani al-Fudail, wa ukoo wa zamani. Ombi hilo ndilo linalonifanya nisimwite kibaraka mtupu. Alijua kiti si chake. Alikuwa akijaribu kufanya alichofanya Guala, kukirudisha kwa mtoto wa nyumba halali, ila alitaka kufanya hivyo akiwa amekwisha kukikalia.

Hapa msomaji anaweza kupinga kwamba tunamsikia Barros tu, naye alikuwa na sababu ya kumpamba rafiki wa Wareno. Ni kweli, na si vizuri kumeza kila sifa anayompa. Hata hivyo, sehemu za habari yake zenye uzito zaidi haziwapambi Wareno. Tajiri aliyelipa kodi ya mtu mwingine ili asiuawe anamfanya da Gama aonekane mnyang'anyi, na mfalme anayeomba kiti kirudi kwa ukoo wa zamani anakiri kwamba Almeida alimweka asiyestahili. Dhahabu ile nayo ina ushahidi wake usiotegemea mwandishi yeyote. Mfalme Manuel wa Ureno aliamuru itumike kutengenezea monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, kilichokamilika mwaka 1506 na kuandikwa juu yake kwamba kimetokana na kodi ya Kilwa. Kipo Lisbon hadi leo, katika jumba la makumbusho.

Pingamizi zito zaidi ni lile linalosema kwamba heri angepigana. Mombasa ilipigana Agosti ileile ya 1505. Ilichomwa na kuporwa, lakini haikupokea mfalme wa kuwekwa, na heshima hiyo inakumbukwa. Sina haja ya kuipunguza. Lakini Malindi ilichagua urafiki na Wareno, na mtawala wake akabaki kitini. Kwa hiyo kuzungumza na Mreno peke yake hakukuwa kosa la kuua. Aliyezungumza Malindi alikuwa mwenye mji, na ahadi yake ilikuwa ya watu wake. Guala alikuwa na Roma, iliyokuwapo kabla yake na ingebaki baada yake. Ankoni, alipovaa taji, hakuwa na watu wa kumtambua kuwa mfalme wala taasisi ya kumshika mkono. Alikuwa na ngome yenye askari wachache na merikebu ambazo zilikwisha kutweka matanga kwenda Mombasa na India.

Mwaka 1506 aliuawa kwa hila na mtawala wa Tirendikunde, jamaa ya Ibrahimu. Yaliyofuata yanathibitisha hoja kuliko maisha yake mwenyewe. Badala ya kiti kwenda moja kwa moja kwa ukoo wa zamani kama alivyotaka, mwanawe Haji Hasan alikitwaa na kulipiza kisasi, mji ukagawanyika, na wafanyabiashara wakaanza kuhama. Msuluhishi aliyekuwa akijulikana na pande zote alikuwa hayupo tena, na kifo chake kilikuwa kimekuwa sababu mpya ya vita.

Hukumu yangu ni kwamba Ankoni alikuwa mjumbe hodari na mfalme asiyefaa, na aliyemvisha taji aliipotezea Kilwa mtu pekee aliyeweza kuongea na pwani na bahari kwa pamoja. Wareno waliiacha ngome yao mwaka 1512. Amiri Ibrahimu, aliyekimbia miaka saba kabla, alirudi kutawala.