Keria ya Pikapu: Kichwa na Bodi Visifungwe Pamoja

Leo hatuzungumzi habari za mbegu wala mbolea. Tunazungumza juu ya gari, kwa sababu mazao yakishavunwa safari yake ya hatari ndiyo kwanza inaanza.

Vikundi vingi vya wakulima, hasa vya milimani, vimechanga fedha vikanunua pikapu kuukuu. Na karibu kila kikundi, gari likishafika tu, hupelekwa kwa fundi wa kuchomelea likawekewe keria. Haja yenyewe ni ya kweli. Bomba la maji lina urefu wa mita 6, na bodi la pikapu lina mita mbili na kitu. Mbao, fito na matenga matupu navyo vinataka mahali. Keria si anasa. Lakini keria iliyofungwa vibaya italivunja gari lako, na inaweza kumvunja mtu.

Nilipokuwa kazini huko milima ya Usambara, kikundi kimoja cha wakulima wa nyanya kilitengenezewa keria moja ndefu. Miguu miwili ya mbele ilichomelewa kwenye ukingo wa paa la kichwa cha gari, na miguu minne ikachomelewa kwenye bodi. Ilikuwa imara kwelikweli. Tuliitikisa, haikutikisika. Hata mimi bwana shamba niliisifu, na leo naona haya kusema hivyo. Haukupita muda mrefu, mvua ikaanza kumdondokea dereva kichwani. Tukasema ni kutu. Halafu siku moja, wakiteremka kwenda Mombo, miguu ya mbele ikang'oka pamoja na kipande cha bati la paa. Keria ikainama mbele, matenga yakamwagikia kwenye kioo na boneti. Utingo aliyekuwa amekaa juu akavunjika mkono.

Sasa kosa lilikuwa wapi? Chuma kilikuwa kizuri, na kuchomelea kulikuwa kuzuri. Kosa ni kwamba fundi alifunga pamoja vitu viwili ambavyo kiwandani viliachanishwa makusudi.

Itazame pikapu yako ubavuni, nyuma ya mlango. Ukiona uwazi kati ya kichwa na bodi, mwanga unapita, basi maelezo haya yanakuhusu. (Zipo pikapu ndogo ambazo kichwa na bodi ni bati moja, hizo zina habari yake nyingine.) Vyote viwili vimekalia chesisi, yaani yale machuma mawili marefu yaliyolala chini ya gari, yameunganishwa kwa vyuma vya kukingama kama ngazi. Chukua ngazi ya mbao, wewe ushike mwisho mmoja na jirani ashike mwingine, kisha kila mtu ajaribu kuisokota upande wake. Inasokoteka, sivyo? Chesisi nayo husokoteka hivyohivyo gurudumu moja likiingia korongoni na jingine likipanda jiwe. Kichwa kimekalia vipande vya mpira, kwa hiyo hulala upande wake. Bodi limekazwa kwa bolti kwenye chesisi, nalo hulala upande wake. Ule uwazi ndio nafasi yao ya kuchezea.

Usiniamini kwa maneno tu. Panga vifusi viwili vya udongo mgumu, kila kimoja kimo cha shibiri moja. Dereva apandishe gari polepole mpaka gurudumu la mbele la kushoto na la nyuma la kulia yawe juu yake. Vuta breki ya mkono, wekea magurudumu mawe, na mtu yeyote asiingie chini. Pima uwazi kwa vidole kule juu, pembe ya kulia na pembe ya kushoto. Utakuta haulingani tena. Sasa fikiri: keria ya chuma iliyoshika pande zote mbili ingefanyaje hapo? Lazima kitu kitoe. Nacho hutoa kilicho chembamba kuliko vyote, yaani bati la paa.

Kwa hiyo kanuni ni moja: keria isimamie bodi peke yake. Miguu yake yote iwe ndani ya bodi. Sehemu ya mbele inaweza kujitokeza juu ya kichwa kiasi cha nusu mita, bila kukigusa. Acha nafasi ya vidole vinne kati yake na paa. Gari likitikisika, vidole viwili havitoshi. Miguu ya mbele itiwe vyuma vya mshazari ili ifanye pembetatu, maana keria ya miguu minne mitupu hulala mbele kila dereva akanyagapo breki.

Bati la sakafu ya bodi nalo ni jembamba. Usikubali bolti ipite kwenye bati tupu. Tafuta vile vyuma vya kukingama vilivyo chini ya sakafu, mguu usimame juu ya kimoja, ukiwa na bamba la chuma upana wa kiganja juu na jingine chini. Bolti za milimita 12 zinafaa, kila moja na nati mbili. Kabla fundi hajatoboa, atazame chini: bomba la breki, tangi la mafuta na nyaya hupita hukohuko. Chesisi yenyewe isitobolewe wala isichomelewe. Na kama kuna kuchomelea kwenye bodi, waya wa betri utolewe kwanza.

Mafundi wengine watakwambia dawa ni keria mbili: moja fupi ya kushika mifereji ya paa, nyingine juu ya bodi. Ni kweli inawezekana, kama gari lina mifereji hiyo, kama zilivyo Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizoanza kuuzwa mwaka 1984. Ila angalia. Ukilaza mabomba ya mita 6 juu ya zote mbili ukayakaza kwa waya mbele na nyuma, umeshaviunganisha tena vilevile ulivyoviachanisha! Kaza kwenye bodi. Mbele yalale tu juu ya mpira wa tairi kuukuu, yafungwe kwa kamba ya mpira inayovutika, na nyuma utundike kitambaa chekundu.

Neno la uzito. Bomba la chuma la inchi moja na nusu lina kilo tatu na nusu hivi kwa kila mita. Keria iliyokula mita 20 za bomba hilo ina kilo 70 hata kabla hujapakia kitu, na kilo hizo zinatoka katika mzigo wako. Gari la tani moja halikuwa la tani na nusu kwa sababu limeota pembe. Bomba la inchi moja linatosha kwa kazi nyingi za shambani. Vizito, yaani magunia ya mahindi, mbolea na matenga yaliyojaa, vikae chini ndani ya bodi. Juu weka virefu na vyepesi. Uzito ukipanda juu, gari hupinduka kwenye kona ambayo jana lilipita salama.

Watu wasikae juu ya keria. Najua utingo atabisha.

Nati zikazwe upya baada ya kilomita 50 za kwanza, halafu kila wiki kabla ya siku ya gulio. Spana yake ikae humohumo garini, isiachwe kwa fundi.